KUCHAGUA DISKI YA KUTUNZIA MUZIKI NYUMBANI: MBILI ZA KAWAIDA ZINAISHINDA MOJA YA BEI MBAYA



Kuna swali ambalo sisi watu wa kafe tunaulizana kila siku. Nyimbo zangu zimetapakaa: nyingine ziko kwenye simu, nyingine kwenye flashi tatu, nyingine kwenye CD za kuchoma ambazo zimeanza kugoma. Nataka kuzikusanya sehemu moja nyumbani. Sasa ninunue diski gani?

Jibu la haraka haraka la "nunua kampuni fulani" halina msaada, ndo maana nimeamua kulieleza suala hili kwa kirefu. Msimamo wangu nautoa mapema kabisa: usitafute diski isiyokufa, haipo. Tafuta diski mbili za kawaida, uweke nakala ile ile kwenye zote mbili, na zisikae nyumba moja. Mengine yote ninayoandika hapa chini yanatokana na hilo.

1. KWANZA JIULIZE: NI MUZIKI GANI UNAOUTUNZA?

Muziki wote uliokusanya unaweza kuugawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nyimbo ambazo zikipotea leo, kesho unazishusha tena. Rayvanny, mtoto wa Mbeya, ukipoteza wimbo wake hamna msiba, uko kila kona ya intaneti. Fungu la pili ni nyimbo ambazo zikipotea kwako, zimepotea duniani. Kaseti ya kwaya ya usharika iliyorekodiwa miaka ya 1990, ngoma ya harusi ya shangazi, mahubiri ya babu, demo ya washikaji wa mtaani waliokuwa wanachana kabla ya kila mtu kuwa na studio chumbani. Hizo hamna aliyezipandisha popote.

Tuna mifano ya hapa hapa. Iringa ilikuwa na TANCUT Almasi Orchestra, bendi iliyokuwa chini ya kiwanda cha kuchonga almasi, ikatamba miaka ya 1980 ikiwa na wale mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Muziki wa enzi zile ulirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na watu majumbani wakawa wanajirekodia kwenye kaseti kutoka redioni. Kaseti kama hiyo iliyoko kabatini kwa mzee wako inaweza kuwa na kitu ambacho hukioni YouTube.

Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, wakiwemo Wahehe na zeze lao la ligombo. Zaidi ya miaka 70 baadaye rekodi hizo bado zinasikika. Sababu si kwamba tepu za 1950 zilikuwa za ajabu. Sababu ni kwamba kulikuwa na watu wa kuzihamisha, kutoka tepu kwenda santuri na baadaye CD, na maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, ILAM, ambayo iko Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika Kusini, imeendelea kuzitunza.

Mfano wa kinyume chake: mwezi Machi 2019 mtandao wa MySpace ulikiri kwamba nyimbo zilizopandishwa kwake kabla ya mwaka 2016 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Hesabu iliyotajwa ilikuwa zaidi ya nyimbo milioni 50. Waliokuwa wanajua kwamba "ziko salama mtandaoni" wakabaki wanashangaa.

Kwa hiyo kabla hujatoa mshiko wako, kaa chini upange mafungu hayo mawili. Fungu la kwanza linahitaji diski. Fungu la pili linahitaji nakala.

2. HESABU: UNAHITAJI UKUBWA GANI?

Hapa ndipo watu wengi wanapoingizwa mjini. Wanasikia TB 4, TB 5, wanadhani bila hizo hawajafanya kitu. Kumbe muziki ni mdogo. Tazama:

- Wimbo wa dakika 4 wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde: kama MB 4.
- Wimbo huo huo kwa kilobiti 320: kama MB 10.
- Wimbo huo kwa FLAC (fomati inayobana bila kutupa kitu chochote): takriban MB 25 hadi 30.
- Kaseti ya dakika 60 ukiirekodi kwa WAV ya kiwango cha CD: kama MB 635. Ukiibana kwa FLAC inashuka karibu na nusu yake au zaidi kidogo.

Sasa fanya hesabu. Nyimbo 5,000 za kilobiti 320 ni kama GB 50. Kaseti 200 za saa moja moja kwa WAV ni kama GB 127. Jumlisha vyote hujafika hata GB 200. Diski ya GB 500 inakutosha, ya TB 1 inakutosha miaka mingi. Pesa ambayo ungenunulia moja ya TB 4, nunulia mbili za TB 1.

Nyongeza moja kwa wale watakaoshtuka: diski ya TB 1 ukiichomeka kwenye Windows itakuonyesha GB 931. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Ni kitu kile kile.

3. AINA ZA DISKI NA KAZI YA KILA MOJA

Flashi na memori kadi. Hizi ni za kubebea, si za kutunzia. Ndani kuna chipu inayoshika chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja taratibu ikikaa miaka bila kuguswa. Halafu flashi ikifa huwa haiagi. Asubuhi ilikuwa nzima, jioni kompyuta inakwambia ifomati. Na ni ndogo, inapotea kirahisi, inaazimwa kirahisi, na flashi iliyoazimwa unajua mwenyewe safari yake.

Eksteno ndogo ya inchi 2.5. Hii ndo chaguo langu kwa mazingira yetu. Ndani kuna sahani zinazozunguka na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inapata umeme kupitia waya wa USB. Umeme ukikatika mtaani, laptopu inaendelea na betri yake na diski wala haijui kama kuna kilichotokea. Nyingi za siku hizi zinaandika kwa kulalia mistari kama vigae vya paa, kwa hiyo ukinakili mzigo mkubwa zinapungua kasi. Kwa muziki hilo si tatizo, unaandika mara moja unasoma mara mia.

Eksteno kubwa ya inchi 3.5. Inatoa nafasi kubwa kwa bei nafuu, lakini inahitaji adapta yake ya volti 12 ukutani. Umeme ukikatika inazimika hapo hapo. Kama huna UPS, hii achana nayo.

SSD. Haina kitu kinachozunguka, inavumilia kudondoka, na ina kasi sana. Lakini kwa kusikiliza muziki kasi hiyo unailipia bure: wimbo wa kilobiti 320 unahitaji kilobaiti 40 tu kwa sekunde, hata diski ya zamani kabisa inaweza. SSD inamfaa DJ anayebeba mzigo wake kila wikiendi. Kwa kuweka kabatini miaka bila kuchomeka haifai, maana nayo ni chipu zenye chaji kama flashi.

CD na DVD za kuchoma. CD inabeba MB 700, DVD GB 4.7. Tulizitegemea sana zamani, lakini ile rangi inayoshika data inachoka, hasa CD ikiachwa juani au ikichubuka. Na laptopu nyingi za sasa hazina hata sehemu ya kuingizia. Kama una CD za kuchoma za miaka ya 2000, kazi yako ya kwanza ni kuzihamisha wakati bado zinasomeka.

Mtandaoni. Akaunti ya bure ya Google inakupa GB 15. Kwa fungu la pili inasaidia sana: kaseti 10 za saa moja kwa FLAC hazizidi GB 5. Lakini usidhani utapandisha kila kitu. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 1 kwa sekunde, GB 50 zinakula zaidi ya saa 110, yaani siku nne na nusu mchana na usiku. Bando lako litalia. Tumia mtandao kama nakala ya tatu ya vile visivyopatikana tena, basi.

4. UMEME, BARIDI, UNYEVU NA BARABARA

Ushauri mwingi wa diski umeandikwa na watu wanaokaa kwenye nchi ambazo umeme haukatiki. Sisi tuliopita mgao wa 2006 na wa 2011 tunajua kuna mambo mengine ya kuangalia.

Umeme. Hatari iko sehemu mbili. Kwanza ukikatika wakati diski inaandika: faili lililokuwa njiani linaharibika, na siku mbaya orodha nzima ya mafaili inavurugika. Pili ukirudi kwa kishindo. Usiache diski imechomekwa umeme ukiwa unacheza cheza. Kama unatumia kompyuta ya mezani, pesa ya UPS ni sehemu ya bei ya diski, ihesabu mapema.

Radi. Kwetu mvua zinaanza Novemba mpaka Aprili au Mei, na radi zake si za mchezo. Mawingu yakianza kukusanyika, chomoa. Na kubwa zaidi: zile diski mbili zisichomekwe pamoja isipokuwa kwa muda ule wa kunakili tu. Zikikaa zote kwenye kompyuta moja, radi moja inamaliza zote mbili na nakala yako haikuwa nakala.

Baridi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Wakakuta joto la kawaida haliziui diski kama watu walivyoamini, na zile zilizokuwa za baridi ndizo zilizoonekana kuharibika zaidi. Hiyo isikutishe wewe wa Uyole au Mafinga, maana diski ikiwaka inajipasha yenyewe. Cha kuangalia ni umande. Diski iliyosafiri usiku kwenye baridi ukaiingiza chumba chenye joto inaweza kutoa jasho ndani, kama miwani. Iache ikae saa moja au mbili ndipo uichomeke.

Mwinuko. Kuna watu wanauliza kama milima inaathiri diski. Swali si la kijinga, maana kichwa cha diski kinaelea juu ya hewa, na hewa huku ni nyepesi. Diski nyingi za kawaida zimepimwa kufanya kazi mpaka karibu mita 3,000. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700, Iringa iko chini kidogo ya hapo. Tuko salama.

Unyevu. Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na watu wa Tukuyu wanajua kaseti inavyoota ukungu. Weka diski kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Hakikisha vipakiti ni vikavu, vya miaka mitatu iliyopita havina kazi.

Barabara. Diski ikiwa imezimwa inavumilia mitikisiko mikubwa kuliko ikiwa inazunguka, kwa sababu kichwa kimewekwa pembeni. Kwa hiyo kusafirisha diski kutoka Mbeya kupitia Makambako mpaka Iringa hakuna shida, ilimradi imezimwa na imefungwa vizuri kwenye nguo. Ibebe kwenye begi la mkononi, usiiweke kwenye buti chini ya magunia ya viazi. Na tafadhali, usicheze muziki kutoka eksteno inayozunguka ukiwa ndani ya basi linaloteremka Kitonga. Subiri ufike.

5. FEKI NA ZILIZOCHAKACHULIWA

Ukiona flashi ya TB 2 kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku, hiyo ni changa la macho. Namna inavyofanya kazi ni hivi: ndani kuna chipu ndogo, tuseme GB 16, lakini imefundishwa kudanganya kompyuta kwamba ni kubwa. Unanakili nyimbo, zinaingia, majina yote unayaona. Ikishajaa ile GB 16 ya kweli, zinazofuata zinaandikwa juu ya za mwanzo au zinatupwa. Unakuja kufungua baada ya mwezi, wimbo haulii. Kuna hata eksteno za namna hiyo, ukifungua kava unakuta memori kadi imegundishwa na kipande cha chuma cha kuongezea uzito.

Kuangalia ukubwa kwenye kompyuta hakusaidii, maana pale ndipo panapodanganywa. Dawa ni kuijaza yote na kuisoma tena. Kwenye Windows tumia programu ya bure inaitwa H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zinaandika data kwenye diski nzima kisha zinahakiki kama kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Inachukua muda: flashi ya GB 64 yenye kasi ya kuandika ya MB 10 kwa sekunde inataka karibu saa mbili kwa kuandika peke yake. Kwa hiyo iwe Mwanjelwa, iwe Miyomboni, iwe umeagiza Kariakoo ikaja kwa basi, kubaliana na muuzaji kabisa kabla ya kulipa kwamba una siku mbili za kuipima na kuirudisha, na akuandikie kwenye risiti. Akikataa hilo, usibishane naye, nenda duka la pili.

6. DISKI ZA MTUMBA

Diski ya mtumba si dhambi. Laptopu nyingi zinazokuja mikoani zimeshatumika, na diski zake fundi anazitoa na kuziweka kwenye kava la USB kwa bei nzuri. Ila usinunue kwa kuangalia kava. Pakua CrystalDiskInfo, chomeka, usome mambo manne:

- Saa ilizowaka. Saa 8,760 ni mwaka mzima bila kuzimwa. Ikionyesha 30,000 ujue imezeeka.
- Namba 05, sehemu zilizohamishwa baada ya kuharibika. Iwe sifuri.
- Namba C5, sehemu zinazosubiri kuhamishwa. Iwe sifuri.
- Namba C6, sehemu zilizoshindikana kabisa. Iwe sifuri.

Utafiti ule ule wa Google wa 2007 ulikuta kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la uso wa sahani kwenye kujikagua kwake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ile isiyo na kosa. Lakini pia walikuta diski nyingi zilikufa bila kuonyesha dalili yoyote. Maana yake: vipimo vibaya viamini, vipimo vizuri visikulewe.

Na msidhani kuchakachua ni kwa nchi zetu peke yake. Mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani iligundulika kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa ziliuzwa na baadhi ya wauzaji kama mpya, saa zake zikiwa zimefutwa zisome sifuri.

7. KUFOMATI, KAFE NA SABUFA

Diski mama inayokaa nyumbani kwenye Windows ifomati kwa NTFS, maana inajitahidi kujirekebisha umeme ukikatika ghafla. Ukitaka isomwe na Mac au simu kwa urahisi, tumia exFAT, lakini uwe makini zaidi kuichomoa kwa utaratibu. Flashi ya kuchezea kwenye sabufa na redio ya gari iwe FAT32, nyingi hazisomi kingine. Sabufa nyingi pia hazisomi FLAC. Kwa hiyo utaratibu mzuri ni huu: diski mama ina FLAC au faili lile bora ulilonalo, flashi ya sabufa ina MP3 iliyotolewa humo. Flashi ikipotea kwenye kitchen pati, hujapoteza kitu.

Diski mama haiendi kafe. Narudia, haiendi kafe. Kompyuta inayochomekwa flashi za mji mzima ni kama mwiko wa pilau kwenye msiba, kila mtu ameushika. Kirusi kinachojulikana sana ni kile kinachoficha mafolda yako na kukuwekea njia za mkato. Kikikupata, usifomati kwa hasira, nyimbo bado zimo. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta safi, andika attrib -h -r -s /s /d X:\*.* (X ni herufi ya flashi yako), mafolda yatarudi kuonekana. Kisha nakili nyimbo tu, futa vingine vyote.

Kwa wanaolipia kafe kwa dakika: tundu la USB 2.0 linapitisha kama MB 30 kwa sekunde, GB 100 ni karibu saa nzima. Tundu la USB 3.0, lile ambalo mara nyingi ni la bluu, na diski yenye uwezo huo, mzigo huo huo ni kama dakika 17. Angalia rangi ya tundu kabla hujakaa.

8. NAKALA: HAPA NDO PENYEWE

Kampuni ya Marekani ya Backblaze, inayotunza data za watu kwenye maelfu ya diski, ilitoa takwimu mwaka 2013: baada ya miaka 4, karibu diski 8 kati ya 10 bado zilikuwa hai. Ziligeuze takwimu hizo. Kwa takwimu hizo, diski moja ilikuwa na kama nafasi 1 kati ya 5 ya kufa ndani ya miaka 4. Hata ukinunua ya bei mbaya, hutaifuta nafasi hiyo. Lakini ukiwa na mbili zisizotegemeana, nafasi ya zote kufa ndani ya muda huo ni 1 kati ya 25. Na kwa kuwa ya kwanza ikifa utanunua nyingine haraka, nafasi inazidi kuwa ndogo. 

Neno "zisizotegemeana" ndo lenye uzito. Diski mbili droo moja zinategemeana: mwizi mmoja, moto mmoja, paa moja linalovuja. Mimi naishi Mbeya, nakala yangu ya pili iko kwa dada yangu Iringa. Kila nikienda huko naibeba iliyosasishwa, narudi na ile ya zamani. Kama huna ndugu mkoa mwingine, hata nyumba ya rafiki mtaa wa pili inatosha. Mhimu asiwe rafiki wa kuazima.

Utaratibu wenyewe:

Kwanza, nakili kwa programu inayohakiki, kama TeraCopy. Kuvuta na kudondosha hakukwambii kama kilichofika ni kizima.

Pili, ukitumia programu ya kulinganisha mafolda kama FreeFileSync, kuwa makini na ile njia ya kufanya diski ya pili iwe kama kioo cha ya kwanza. Ukifuta wimbo huku, na kule unafutika. Chagua njia ya kuongeza vipya tu.

Tatu, kila miezi sita zichomeke, cheza nyimbo kadhaa kutoka folda tofauti, soma vipimo vya CrystalDiskInfo. Diski isiyofunguliwa miaka mitano si akiba, ni bahati nasibu.

Nne, andika majina. Folda inayoitwa "New Folder 7" ni sawa na kaseti isiyo na karatasi. Kwa kwaya na ngoma weka jina la kikundi, kijiji, mwaka kama unajulikana, nani alirekodi, upande A au B. Wazee wanaojua majina hayo wapo leo, waulizeni leo.

Tano, kaseti rekodi kwa Audacity, ni ya bure. Waya kutoka tundu la hedifoni la redio kaseti kwenda tundu la kuingizia sauti la kompyuta, kiwango cha CD, hifadhi kwa WAV au FLAC. MP3 itoe baadaye. Ukianza na MP3 kile kilichotupwa hakirudi, na kaseti kila ukiicheza inachakaa kidogo.

Na jambo la ustaarabu: kutunza si kuuza. Rekodi ya kwaya ni mali ya kwaya. Wapelekee nakala, watafurahi, na hapo umepata nyumba ya tatu ya kuitunza.

9. KWA KIFUPI, KULINGANA NA MFUKO

Una simu tu: flashi mbili za GB 64 ulizozipima, za kampuni mbili tofauti, na waya wa kuunganisha flashi na simu. Moja kwako, moja kwa ndugu. Zile zisizopatikana tena zipandishe pia kwenye akaunti ya bure. Kila mwaka zinakili upya.

Una laptopu: eksteno mbili za inchi 2.5, GB 500 au TB 1. Zisinunuliwe siku moja duka moja kama unaweza, maana za boksi moja huweza kuwa na ugonjwa mmoja.

Una kompyuta ya mezani: hizo hizo, ongeza UPS.

Wewe ni DJ: SSD ya kubeba, eksteno ya kawaida nyumbani, nyingine kwa mtu.

Mfuko unaruhusu diski moja tu mwezi huu: nunua moja ndogo, na fungu la pili liweke kwenye flashi nzuri upeleke kwa mtu unayemwamini. Mwezi ukiruhusu, nunua ya pili kabla hujanunua spika mpya. Spika zinapatikana kila siku. Sauti ya bibi akiongoza wimbo kanisani miaka 30 iliyopita haipo dukani.

Naomba kuwasilisha.